Ukuta wa Kona ya Tatu

Kila siku akitoka shule, Honi alivua sare yake, akafua kola na mikono, akaianika uani, kisha akachukua chupa ya chai na kumpelekea mjomba wake karakana. Honi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu sauti yake ilifika kabla yake. "Ukimsikia, pisha njia," alizoea kusema rafiki yake Miwani. Honi mwenyewe alicheka, na jina likaganda.

Mjomba alikuwa fundi wa redio na kompyuta. Ndiye aliyemlea Honi tangu mama yake alipokwenda kufanya kazi mbali. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Mbele palikuwa na meza iliyojaa redio zilizofunguliwa matumbo. Nyuma, nyuma ya pazia, palikuwa na mashine ya mchezo wa mbio za magari mitaani, ambayo mjomba aliiunda mwenyewe kila alipomaliza kazi za wateja. Kiti kilitoka kwenye gari moja bovu, usukani kwenye gari jingine, na pedali zilirudi juu kwa springi za kitanda. Mchezo wenyewe aliuandika kwenye kompyuta, akikosea na kurudia, hadi magari yakaanza kukimbia mitaani kwenye kioo. Wachezaji walikaa kitini kwa zamu, kila mmoja akishindana na magari ya kompyuta na muda wa wenzake.

Jumamosi angekuja Mama Funguo kuitazama. Mama huyo alikuwa na ukumbi wa michezo, na watu walimwita hivyo kwa sababu ya fungu la funguo lililoning'inia shingoni mwake. Kama mashine ingempendeza, angeiweka ukumbini na kumpa mjomba kazi ya kutengeneza nyingine. Mjomba aliingojea kazi hiyo kwa hamu kubwa.

"Chezeni," aliwaambia Honi na Miwani. "Kisha mniambie uzuri wake na udhaifu wake. Msinionee haya."

Miwani alikuwa mtu wa kupima mambo. Alicheza, akafikiri, akasema, "Uzuri wake, mjomba, ni mvua. Ikinyesha, usukani unakuwa mwepesi kama gari linateleza kweli. Na ule mngurumo! Utadhani lori limelala chini ya kiti."

"Haya, udhaifu?"

"Yule mbwa wa kona ya kwanza. Uje kwa kasi gani, hahami. Anakutazama tu kama vile barabara ni ya baba yake."

Mjomba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Nitamfundisha adabu. Na wewe, Honi?"

Honi alianza kuizungushazungusha chupa ya chai mkononi.

Alikuwa na siri. Kwenye kona ya tatu palikuwa na ukuta mrefu, na kila dereva alipofika hapo ilimbidi akanyage breki. Siku moja Honi alikosea pedali. Badala ya breki alikanyaga mafuta, huku usukani ameuzungusha wote kushoto. Gari lake liligonga ukuta. Lakini halikusimama. Lilirushwa upande wa pili, mbele ya magari yote, kufumba na kufumbua, hata mtazamaji asijue limepita wapi. Honi alijaribu tena, likarushwa tena. Tangu hapo hakuna aliyemshinda. Watoto wa mtaa walikuja kumtazama na kumwita bingwa. Mjomba, aliyekuwa ameinamia nyaya zake mezani, alisikia shangwe tu na kuwaambia wateja, "Mpwa wangu huyo. Ana mkono wa dereva!"

Ubingwa ulikuwa mtamu, hilo ni kweli. Lakini palikuwa na jambo jingine pia. Honi alimwona mjomba amevaa viatu vilevile vilivyochakaa, huku kila senti ya akiba ikiingia kwenye mashine. Mtu kama huyo utamwambiaje kwamba kazi yake ina tundu? Honi aliona kwamba shukrani ni kusifu.

"Hauna udhaifu, mjomba," alisema. "Ni mzuri hivyohivyo."

Mjomba alishusha pumzi na kumpapasa kichwa. Honi alifurahi. Hata hivyo, furaha yenyewe ilikuwa kama kokoto ndani ya kiatu.

Ijumaa Miwani alimaliza mbio akiwa wa mwisho tena. Aliinuka kitini, akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati.

"Mimi basi," alisema. "Nakanyaga breki vizuri, nakata kona vizuri, na bado unaniacha kama nimeegesha. Labda ni macho yangu haya."

"Macho yako hayana neno," alisema Honi.

"Basi ni mimi mwenyewe." Akaenda zake bila hata kuaga, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Jumamosi asubuhi Mama Funguo alifika. Alikaa kitini na kucheza raundi nzima kwa utulivu. Alipomkaribia mbwa wa kona ya kwanza, mbwa alikimbia huku mkia ukiwa katikati ya miguu, na mama akacheka kwa sauti.

"Mchezo mzuri, fundi. Udhaifu wake nini?"

"Niliwauliza wachezaji wangu," mjomba alijibu. "Aliyeucheza kuliko wote ni mpwa wangu huyu, naye anasema hauna."

"Hauna?" Mama Funguo alimgeukia Honi. "Kuna mashine nyingine niliambiwa hivyohivyo. Watoto wawili watatu wakagundua tundu ndani yake, wakawa wanashinda wao tu. Wenzao wakajiona wajinga, wakaacha kuja. Mwishowe mashine ikabaki inaimba peke yake pembeni. Hebu keti, binti. Tuonyeshe."

Honi alikaa. Alipita kona ya kwanza na ya pili. Ukuta wa kona ya tatu ukaanza kukua mbele yake. Mguu wake ulijua la kufanya, ulikuwa umeshazoea. Lakini akilini alimwona Miwani akifuta miwani yake kwa pindo la shati, akijilaumu kwa kosa lisilo lake.

Akakanyaga breki. Gari likasimama katikati ya barabara, na magari mengine yakalipita.

"Vipi, limezimika?" mjomba aliuliza.

"Hapana, mjomba." Sauti yake ilikuwa ndogo hata ikabidi mjomba ainame. "Ukuta huu una kasoro. Tazama."

Alirudi nyuma kidogo, akazungusha usukani wote kushoto, akakanyaga mafuta. Gari liligonga ukuta na kurushwa mbele ya wote. Mjomba alisogea karibu na kioo.

"Rudia."

Honi akarudia. Ikawa vilevile.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla hujaniuliza." Machozi yalikuwa karibu. "Nilipenda kuitwa bingwa. Tena niliona nikikwambia kuna kosa nitakuwa sina shukrani. Umejinyima mengi kwa ajili ya mashine hii."

Mama Funguo alisimama na kurekebisha mkufu wa funguo zake. "Leo siichukui," alisema.

Honi aliachia usukani na kuinuka kitini.

"Nimesema leo," mama aliendelea. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ninyi mmeyatoa nje mapema. Itibuni, kisha mniite. Fundi anayejua mashine yake inaumwa wapi ndiye ninayemtaka."

Alipokwenda, mjomba alijimiminia chai, akanywa taratibu. "Sina hasira," alisema. Kisha akafikiri. "Naam, kidogo ninayo. Itapita. Kamwite Miwani. Tuna kazi."

Honi alimkuta Miwani akifagia kizingiti cha nyumba yao. Alimweleza yote bila kujitetea.

"Ulikuwa unapita ukutani?" Miwani aliuliza.

"Ukutani."

"Kumbe nilikuwa nashindana na jini!" Alikasirika kwanza, akafagia mara kadhaa kwa nguvu. Kisha akaanza kucheka. "Nami nimeshamwambia mama macho yangu yameharibika! Ningepelekwa kupimwa kwa ajili ya uongo wako. Njia ya mwongo fupi, Honi, na yako ilipita ndani ya matofali!"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini kufagia huku unakumalizia wewe."

Kazi ile haikuwa ya siku moja. Watoto waligonga ukuta kutoka kila upande, kwa kasi na polepole, penye mvua na penye jua, huku mjomba akiandika na kufuta kwenye kompyuta. Walipata kasoro nyingine mbili ambazo hakuna aliyezijua. Mwishowe, aliyegonga ukuta alisubiri moshi uishe kwenye injini huku magari mengine yakipita. Mbio zikawa za kweli. Za kwanza kabisa alishinda Miwani, akapiga kelele kiasi cha kumtisha mteja aliyeleta redio. Honi alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Alishangaa kuona kushindwa kwa haki hakuumi sana.

Mama Funguo alirudi, akacheza, akaugonga ule ukuta kwa makusudi mara nyingi. Halafu akampa mjomba mkono. "Ya pili lini, fundi?"

Mashine ilipokwisha kupakiwa na kuondoka, mjomba aliwaketisha watoto kwenye benchi.

"Mwanangu," alimwambia Honi, "uliponiambia mchezo hauna udhaifu, nilifurahi, lakini hukunisaidia. Uliponiambia kasoro yake, niliumia, nawe ukaniokoa. Anayekupenda husema uzuri wa kazi yako bila choyo, na udhaifu wake bila woga, wakati bado kuna nafasi ya kuurekebisha. Hiyo ndiyo shukrani inayomjenga mtu. Mimi nakushukuru kwa hiyo."

"Nami nakushukuru, mjomba."

"Kwa lipi tena?"

"Kwa kutuuliza," alisema Honi. "Ungeweza kuwauliza watu wazima tu."

Mjomba alimtazama, akamtazama na Miwani, kisha akanyoosha mkono kuchukua bisibisi. "Basi sogeeni," alisema. "Hii ya pili tunaianza pamoja."