Milanzi Minne ya Hifadhini

Kila asubuhi kabla ya shule, Feliciana wa darasa la sita hufagia uwanja na kumchotea maji bibi yake, Oktavia, kule Kitandililo. Siku ya safari ya shule kwenda hifadhini, bibi alimshika mkono.

"Utaiona milanzi minne, ile mianzi ya pombe, tuliipanda kwa mstari tulipoishi huko. Babu yako amelala chini ya wa tatu. Niangalizie tu kama kaburi lipo. Tangu watu wa hifadhi walipotuhamisha na kuchoma nyumba zetu, sijaruhusiwa kupeleka hata ua."

Hifadhini, gari lilisimama hatua kumi kutoka alipolala nyati. Feliciana aliziona kope zake, na ndege mdogo akimdonoa kupe sikioni. Alisahau kupumua. Kisha akaiona milanzi: minne, mstari mmoja, kama ile ya nyumbani wanayogema pombe ya ulanzi. Nyati alikuwa amelala chini ya wa tatu. Mawe ya kaburi yalikuwa yametawanywa na kwato.

"Hapa hajawahi kuishi mtu," alisema mwongoza wageni. "Ni pori tangu zamani. Andikeni."

Wanafunzi wakaandika. Feliciana naye akaandika.

"Mbona umenuna?" Geofrey wa darasa lake alimtania. "Si ng'ombe tu huyo, ila hajaoga."

Feliciana aligeuka, akaitazama tena milanzi.

Jioni bibi alimngoja mlangoni. "Umeliona kaburi?"

"Sikuliona, bibi."

Bibi aliketi, akachukua gunzi, akaendelea kupukuchua mahindi. "Basi na babu yako wamemng'oa," alisema taratibu.

Feliciana akashindwa kuvumilia. "Nimekudanganya, bibi. Lipo. Nyati analala juu yake. Na daftarini nimeandika hajawahi kuishi mtu."

Kesho yake aliifuta sentensi ile, akaandika: *Hapa aliishi babu yangu, Valeriani.* Mwalimu Jastin aliisoma mara mbili.

"Kwenye mtihani jibu hili litahesabiwa kosa, Feliciana."

"Najua, mwalimu."

Mwalimu hakuweka vema wala kosa. Alilifunga daftari, akamrudishia.

Jioni, bibi aliposomewa sentensi ile, aliacha kupukuchua.

"Ardhi hairudi, mjukuu wangu. Barua nimeandika mpaka nimezeeka, hakuna aliyejibu. Nyati hana kosa, hajui alipolala. Wewe ulijua. Wao walituhamisha mara moja. Ukiandika uongo wao, unatuhamisha mara ya pili, tena kwa mkono wako."

Akalivuta tenga la mahindi, wakaendelea kupukuchua.