Kiti cha Kushoto cha Landrova

Asubuhi moja ya Juni, Sumbawanga ikiwa na baridi ya kupasua midomo, Mzee Kasmir aliingia kwenye Landrova yake kutafuta miwani. Akaegemeza mkono kwenye kiti cha kushoto, akakuta kina joto. Halikuwa joto la jua, maana jua lilikuwa bado nyuma ya nyumba ya jirani. Lilikuwa joto la mtu aliyekaa kwa muda mrefu kisha akainuka sasa hivi. Na gari hilo lilikuwa halijatoka uani pale Katandala kwa miezi tisa, tangu lilipobeba jeneza la mkewe, Coleta.

Mtu mwingine angeruka nje. Kasmir aliacha kiganja pale mpaka joto likaisha, na alipokaa kunywa chai akagundua kwamba alikuwa akitabasamu. Tusimcheke. Mtu aliyekula peke yake miezi tisa, akiagwa na redio na kuamshwa na redio, hachagui sana wageni.

Binti yao wa pekee, Scola, aliishi Mbeya, na kila Jumapili alipiga simu na wimbo wake ni uleule.

"Baba, liuze hilo gari. Au lipake rangi basi, lionekane ni gari. Linaoza hapo uani, na wewe unaoza nalo."

"Nitaangalia, mwanangu."

"Unaangalia tangu mwaka jana, Baba."

Neno kuoza lilimchoma. Kesho yake akamwita Adolfu, fundi rangi, aje amwambie kama gari la umri ule linastahili rangi mpya au ni kujisumbua bure.

Adolfu alifika saa nane mchana na maneno yake mengi. Akaamkia, akazunguka gari mara mbili, akakwangua kwa ukucha rangi ya kijani iliyopauka.

"Mzee, watu wanahangaika na bodi. Bodi ya hizi haishiki kutu. Kinachooza ni chesisi, hicho chuma cha chini kilichobeba kila kitu. Chesisi ikiwa nzima, nakupakia rangi mpaka majirani wakuchukie. Ikiwa imeoza, rangi ni kumvalisha maiti suti."

Akauma ulimi. Alikumbuka anaongea na mgane.

Akajilaza chini ya gari na nyundo ndogo, akawa anagonga chuma hatua kwa hatua na kusikiliza, kwa sababu chuma kizima hulia na kilichooza hunung'unika. Ngo, ngo, ngo. Kinalia vizuri. Akasogea. Ngo, ngo, ngo. Akapumzisha mkono, na juu yake, upande wa kiti cha kushoto, kitu kikajibu: ngo, ngo, ngo.

"Mzee, umeingia ndani ya gari?"

"Niko hapa mlangoni kwangu, Adolfu."

Adolfu akageuza shingo, akaiona miguu ya mzee kule mlangoni, mbali, na papo hapo akasikia harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa ikimshukia usoni, udongo mbichi wa chini kabisa ambao jua halijawahi kuuona, na juu yake mtu akahema taratibu kama anayesubiri agongewe tena, naye Adolfu akatoka chini ya gari kwa mgongo huku shati likichanika bila yeye kujali.

"Mlipotoka kuzika," alinong'ona, "gari hili lilioshwa?"

Jembe lililochimba kaburi huoshwa kijitoni kabla ya kurudi nyumbani, na gari lililobeba jeneza vivyo hivyo. Kasmir, dereva wa miaka thelathini, aliyewasindikiza wafu wa nusu ya mtaa, aliujua utaratibu huo kuliko Adolfu.

"Sikuliosha," alisema. "Vumbi la viatu vyake lilikuwa bado pale chini ya kiti."

"Basi sipaki. Nikipaka juu ya hayo, namfungia ndani huyo aliyemo. Mwite kwanza Bibi Cornelia, yule mganga wa Chala."

Kasmir hakumwita. Kila alasiri aliketi nyuma ya usukani, milango imefungwa, upepo wa uwanda ukipuliza uani, na kutoka kushoto kwake ikaja sauti ikiimba kwa kufumba mdomo. Ilikuwa sauti ya pili, ile aliyoimba Coleta kwenye kwaya ya parokia. Kasmir akaanza kuimba sauti ya kwanza. Ikawa kazi yake ya kila siku. Uji wa ulezi ukaganda mezani, suruali zikamlegea, na Jumapili simu ilipoita, sauti ikaacha wimbo na kusema karibu na sikio lake, "Mwache, Baba Scola. Si tuko wawili?" naye akaiacha simu iite mpaka ikanyamaza, na Jumapili iliyofuata akaiacha tena, ingawa sasa pumzi iliyomgusa shavuni ilikuwa baridi na yenye harufu ileile ya udongo, na kiti cha kushoto kilibonyea zaidi ya uzito wa mwanamke yeyote aliyewahi kumfahamu.

Scola alipokosa kujibiwa mara mbili, alimpigia Adolfu. Adolfu akaenda Chala mwenyewe, akarudi na Bibi Cornelia, mganga, mwanamke mdogo wa umbo asiye na papara. Hakuligusa gari. Alisimama hatua tatu mbali.

"Muulize huyo aliyemo, mwanangu. Mtoto wenu wa kwanza mlimzika wapi?"

Mtoto huyo alikufa kabla Scola hajazaliwa. Kaburi lake walilijua Kasmir na Coleta tu, na ardhi. Akauliza kwa sauti ya chini kupitia dirishani.

Wimbo ukakatika.

"Niambie wewe kwanza, Baba Scola," ikajibu, kwa upole.

Kasmir akalia mbele ya watu.

"Siyo yeye," alisema Cornelia. "Ni jini la makaburini, halina kwao. Lilikuta kiti kitupu, likakaa."

"Najua, Bibi. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Cornelia alimtazama kwa huruma.

Walilipeleka gari kijitoni. Cornelia aliliosha kwa maji ya dawa, akasema maneno yake ya Kifipa, na vumbi la viatu likaondoka na maji huku Kasmir akiangalia kwingine. Nyasi zikalala moja moja mpaka ng'ambo, kana kwamba asiyeonekana anazikanyaga akienda zake, kisha zikatulia. Chesisi ilikuwa nzima, kwa hiyo Adolfu akapiga msasa, akapaka rangi ya kwanza, akapuliza kijani asubuhi tatu mfululizo kabla upepo haujaamka na vumbi lake. Gari likang'aa. Majirani walikuja kujitazama kwenye mng'ao wa milango yake. Scola aliliona kwenye simu, akacheka hadi machozi. "Sasa hilo ni gari, Baba!" Kila mtu alikubali kwamba rangi ile ilistahili.

Kasmir akaketi nyuma ya usukani. Kiti cha kushoto kilikuwa baridi. Kesho yake kilikuwa baridi, na keshokutwa. Aliimba sauti ya kwanza, na hakuna aliyeitikia. Upweke ukamkaba kuliko ulivyomkaba wiki ya msiba, kwa sababu safari hii alikuwa amekifukuza mwenyewe kilichokuwa kikimpa nafuu.

Jumamosi saa kumi jioni aliwasha gari, akaenda makaburini nje ya mji. Kaburi la Coleta alilipita bila kusimama. Coleta alikuwa amelala, na Kasmir alijua hataamka. Akasimamisha gari katikati ya makaburi, akanyoosha mkono, akafungua mlango wa kushoto.

"Kama kuna asiye na kwao," alisema, "nafasi ipo."

Upepo ukakoma. Kiti kikabonyea polepole, na kabla hajasema asante mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe, gari likainama, likainama tena, springi zikilia, likazidi kushuka hadi akahisi chuma cha chini kinakuna majani, vioo vyote vikaingia ukungu kwa ndani kutokana na pumzi ambazo hakuweza kuzihesabu, na kote kukanuka udongo mbichi.

Hakuogopa. Aliuliza alichowauliza abiria miaka thelathini.

"Niwashushe wapi?"

Wakajibu wote kwa pamoja, kwa sauti ya Coleta.

"Kwako."

Kasmir akatia gia.