Ukisikia Sauti Ndogo, Simama

Mke wangu Arlene alikuwa na kiti chake katika chumba cha chini ya nyumba. Kilikuwa kiti cha jikoni, cha mbao, mguu mmoja umefungwa waya. Kila Alhamisi baada ya kula alikaa hapo na taa yake ndogo ya mkononi, mimi nikisimama mezani nikitengeneza risasi.

Huku kwetu, katika vilima hivi vya makaa ya mawe, wengi tunatengeneza risasi zetu. Ganda la shaba likishapigwa halitupwi. Unalisafisha, unatia kiwashio kipya kitakoni, unatia baruti, kisha unashindilia kichwa cha risasi juu yake. Basi.

Mimi nilitia baruti katika maganda hamsini, yamesimama kwenye kibao cha matundu. Halafu Arlene aliinama na taa yake akachungulia moja moja.

"Ipo," alisema. "Ipo. Ipo. Ipo."

Mara hamsini. Akikuta ganda tupu alisema, "Wendell, umelala?" Ndipo nilipotia vichwa.

Arlene alikufa mwezi wa kumi na moja. Daktari mkubwa alikuwa amemwambia ni uchovu tu. Nisiseme zaidi, nitaiharibu hadithi yenyewe.

Baada ya mazishi nilinunua mashine mpya. Ukivuta mkono wake mara moja, ganda moja linatiwa baruti na jingine linafungwa. Hakuna kibao. Hakuna kuchungulia. Kile kiti nikaweka televisheni juu yake, ili chumba kisiwe kimya.

Hivyo ndivyo nilivyotengeneza risasi mia mbili za binti yangu Colleen, kwa mashindano ya mwezi wa tano. Nilivuta mkono wa mashine huku nikitazama besiboli.

Colleen ana saluni yake mjini. Anakata nywele, anasuka, anapaka rangi. Mikono yake ndiyo kazi yake. Tena ndiye mtu pekee niliyebaki naye.

Siku ya mashindano uwanja wa shabaha ulijaa. Akina mama wa kanisa waliuza kabichi ya kukaanga na tambi. Zawadi ya mshindi ilikuwa paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Rusnak, alishika kipaza sauti.

"Mwaka huu tunataka mbio!" alisema. "Nani ana mikono myepesi?"

Huyo Rusnak ndiye aliyepunguza wasimamizi wa uwanja. Zamani kila mpigaji alisimamiwa na watu wawili. Sasa ni mmoja. Kupunguza watu wadogo, hapo wakubwa ni hodari. Hata mgodini walianza hivyo hivyo, mpaka wakaufunga.

Msimamizi wa Colleen alikuwa jirani yangu, Dot Kessler, anayekaa ng'ambo ya barabara. Alikuwa fundi wa silaha jeshini miaka ishirini. Ni mwembamba kama ufagio, lakini sauti yake ni king'ora.

"Uko tayari, binti?" Dot aliuliza.

"Paja hilo ni langu," Colleen alisema. "Baba ameshatayarisha na viazi."

Watu wakacheka. Saa ikalia.

Pah! Pah! Sahani mbili za chuma zikaanguka. Pah! Ya tatu. Nilisimama kwenye kamba ya watazamaji nikipiga mapaja yangu kwa mikono.

"Twende, Colleen! Twende!"

Pah! Ya nne. Pah! Ya tano. Sekunde nne tu! Hakuna aliyewahi kufika hapo kabla ya sekunde tano. Hata Rusnak aliinuka kitini.

Kisha: pf.

Basi. Sauti kama mtu amefungua chupa ya soda. Bastola haikuruka mkononi. Sahani ya sita ilibaki imesimama.

Klabu yetu inafundisha jambo moja mpaka mkono unalijua kuliko kichwa: bastola ikigoma, piga kitako cha magazini yenye risasi, koki iingie nyingine, endelea. Kwa kawaida inafaa. Colleen alipiga kitako. Alikoki. Risasi mpya ikaingia. Kidole chake kikaenda kwenye triga.

Na mimi, baba yake, nikapiga kelele, "Endelea!"

"SIMAMA!" Dot alilia.

Kidole cha Colleen kiliganda.

"Kidole nje ya triga," Dot alisema. Sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Mtutu ubaki umeelekea tuta la udongo. Vizuri. Usigeuke."

"Lakini saa inakwenda!"

"Iache iende. Toa magazini. Vizuri. Sasa koki, itoke hiyo iliyo ndani. Ngoja, fungua tena, nione. Hakuna kitu. Iweke mezani."

Dot aliokota ile risasi iliyotoka akaitia mfuko wa shati. Kisha akaichukua bastola mezani, akaifungua, akautoa mtutu peke yake. Akauelekeza juani.

"Wendell," aliniita. "Njoo utazame. Unaona mwanga?"

Nilitazama. Sikuona mwanga. Bomba lilikuwa limezibwa katikati.

"Kichwa cha risasi kimekwama humo," Dot alisema. "Kiwashio kimekisukuma peke yake. Baruti haikuwaka, au haikuwemo. Na risasi nyingine ilishakaa nyuma yake."

"Ningepiga ingekuwaje?" Colleen aliuliza.

"Ingekuja kugonga iliyokwama. Moshi na moto vingekosa njia. Mtutu ungeweza kupasuka mkononi mwako."

Colleen alitazama vidole vyake. Alivikunjua na kuvikunja.

Nikafanya ninachokijua. Nilimgeukia Rusnak.

"Wewe na mbio zako!" nilisema. "Ungemkata mwanangu mikono! Na hao wenye kiwanda cha baruti, wanatuuzia takataka!"

"Risasi umetengeneza mwenyewe, Wendell," Rusnak alijibu.

Ningemrukia. Dot alinishika mkono wa koti.

"Nyumbani," alisema. "Leta na risasi zilizobaki. Zote."

Hatukula kabichi. Tulishuka chumba cha chini, mimi, Dot na Colleen. Dot alitazama ile mashine. Akatazama televisheni juu ya kiti. Akatoa mfukoni ile risasi iliyokuwa nyuma ya kichwa kilichokwama.

"Tuanze na hii," alisema.

Aliifunga kwenye nyundo ya plastiki yenye tundu, ile ya kung'olea vichwa. Akagonga mara tatu kwenye gogo. Kichwa kikachomoka. Akamwaga baruti kwenye mzani mdogo.

Sindano ya mzani ilipanda. Ikapita alama. Ikaendelea.

"Mama yangu!" Colleen alisema.

"Mara mbili," Dot alisema. "Hii ina baruti mara mbili. Mnaelewa? Baruti ya ganda la kwanza ilikwama kwenye shingo ya faneli ya mashine. Ganda likapita tupu. La pili lilipofika, ya kwanza ikaanguka pamoja na yake. Moja haina kitu, jirani yake ina mzigo wa wawili."

"Na zilikaa zinafuatana kwenye magazini," nilisema.

"Zinafuatana."

Nikakaa chini, sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa na televisheni.

"Kiwanda..." nilianza.

"Kiwanda hakikuwa humu chumbani, mzee," Dot alisema. "Wala Rusnak. Niambie kitu. Ulilipua miamba mgodini miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Mnatega mashimo kumi. Unahesabu milipuko tisa. Unafanyaje?"

"Hakuna anayesogea," nilisema. "Wala hutoboi tena hapo. Ile ya kumi iko humo ndani, inakungoja."

"Nani alikufundisha? Wakubwa?"

"Wakubwa gani! Hao hawajawahi kushuka shimoni. Tulifundishana wenyewe."

"Basi leo umesikia mlipuko wa kumi haupo, ukamwambia mwanao aendelee."

Colleen aliweka mkono wake begani kwangu. Mkono mzima, wenye vidole vitano.

Siku ile yote iliyobaki tulivunja risasi. Mia mbili kasoro zile zilizopigwa. Gonga, chomoa, mwaga, pima. Kila Colleen alipochomoa kichwa tuliinama wote watatu. Moja nzuri. Moja nzuri. Nzuri. Katika boksi la tatu Colleen alipiga kelele, "Hii tupu!" Tukashika inayofuata kama tunashika nyoka. Ilikuwa na mara mbili.

Tulipokuwa tukivunja, Dot alieleza, nami nayaandika maneno yake kama alivyosema.

"Mpigaji asikilize na mkono pia," alisema. "Sauti ikiwa ndogo, simama. Bastola isiporuka, simama. Moshi ukitoka mahali pasipo pake, simama. Na ukibofya triga kusiwe na kitu kabisa, ngoja nusu dakika mtutu ukielekea tuta. Baruti nyingine inachelewa kuwaka."

"Halafu?" Colleen aliuliza.

"Toa risasi zote. Hakikisha chumba cha risasi, pale nyuma ya mtutu, ni kitupu, tazama na uguse kwa kidole. Hapo ndipo unaangalia mtutu. Usichungulie kwa mbele silaha ikiwa imeungwa, hata siku moja. Kichwa kilichokwama kinatolewa kwa fimbo ya shaba na nyundo ndogo, polepole. Huwezi? Mpelekee fundi."

"Wapo wanaosema ukipiga nyingine inakitoa," nilisema.

"Wapo. Mmoja nilimfunga bandeji mwenyewe. Hawezi kufunga vifungo vya shati."

Kisha akaigeukia meza yangu.

"Baruti ya aina moja tu mezani. Kipimo ni cha kitabuni, si cha kukisia. Chagua baruti inayojaza ganda zaidi ya nusu, ili ukitia mara mbili imwagike uione. Simu ikilia usivute mkono wa mashine. Ukikatizwa katikati, toa maganda yote yaliyo kwenye mashine, anza upya. Na hiyo televisheni iondoke."

Niliinua televisheni mwenyewe nikaipandisha juu. Niliporudi, Colleen alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama yake. Taa alikuwa ameipata nyuma ya makopo ya rangi.

Nami sikumwacha Rusnak. Kosa langu lilikuwa langu, lakini lake nalo lilikuwa lake. Nilikwenda kila mkutano wa kamati. Nilisema kila mahali pa kupigia pawe na fimbo ya shaba. Nilisema yeyote, hata muuza kabichi, akisikia sauti ndogo apige kelele "Simama!" na mpigaji atii. Nilisema msimamizi wa pili arudi. Walikubali fimbo. Walikubali kelele. Msimamizi wa pili, walisema watafikiria.

Mwezi wa tisa tulishindana tena. Bwana Rusnak alipiga mwenyewe. Risasi zake zilikuwa za dukani, boksi jipya, linang'aa.

Pah! Pah! Pah! Anakwenda vizuri, lazima niseme. Pah!

Pf.

Msimamizi wake, mmoja tu, alikuwa ameinama kuangalia saa. Mkono wa Rusnak ukapiga kitako. Ukakoki.

Nimemchukia mtu yule miaka mingi. Mdomo wangu haukuniuliza.

"SIMAMA!" nililia. Nilisikia watu kumi wakilia pamoja nami, na akina mama wa kabichi pia.

Rusnak aliganda. Msimamizi akamwongoza. Magazini, chumba cha risasi, mtutu nje. Akauelekeza juani. Hakukuwa na mwanga.

Fimbo ya shaba ikaingia. Tok, tok, tok. Kichwa cha risasi kikaanguka mezani, kidogo, kimekwaruzika pande zote. Rusnak alikiokota. Kisha akaja mpaka kwenye kamba.

"Wendell," alisema, "sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru. Rudisha msimamizi wa pili."

Alimrudisha kabla ya saa sita, hapo hapo, kwa kipaza sauti. Na Colleen alipiga mwanzo mpaka mwisho, pah mpaka pah, sahani kumi na mbili, akalichukua paja la nguruwe. Risasi tulitengeneza pamoja.

Sasa Colleen anakuja kila Alhamisi. Ile mashine ya haraka nimeiuza. Natia baruti maganda hamsini kwenye kibao cha matundu, kisha narudi nyuma hatua moja. Binti yangu anavuta kiti chenye waya mguuni. Anawasha taa.

"Ipo," anasema. "Ipo. Ipo. Ipo. Baba, umelala?"