Nusu ya Leso

Siku ya soko Machakos, ukisimama unasukumwa, na ukisukumwa unajikuta umenunua. Ndila alikuwa ametoka kutafuta nyanya, akajipata mbele ya kibanda cha leso. Alivaa blauzi ya manjano na sketi ya jinzi, nywele amesukwa mistari ya kurudi nyuma, maana msusi mwenye nywele timutimu ni kama mchinjaji anayekula maharagwe. Jicho lake likanasa leso nyekundu yenye maua meupe, iliyoandikwa chini: USINIHESABIE KWENDA, NIHESABIE KURUDI.

"Nipatie moja kama hii."

"Leso huuzwa jozi, mama," muuzaji akasema bila kuinua uso. "Hivi ni vipande viwili vimeshikana. Nikikukatia kimoja, kile kingine nitamfunga nani?"

"Na mimi nikijifunga vyote nitakuwa mzigo wa kuni?"

"Kile kingine nipe mimi," ikasema sauti nyuma yake.

Ndila akageuka. Kijana mpana wa kifua, shati la bluu lina unga kwenye viwiko, ananukia mkate wa moto.

"Wewe mwanaume, leso ya nini?"

"Ya mama yangu, kule Matuu. Ameniambia nisirudi mikono mitupu."

"Utampelekea nusu?"

"Nitamwambia nusu ingine iko na msichana wa manjano hapa Machakos. Atafurahi kuliko akipata jozi."

Muuzaji akacheka hadi akakohoa. Akachukua makasi, akapitisha katikati. "Haya, nimewakata. Mkitaka kushonwa tena, mtafute fundi."

Kijana aliitwa Gatimu. Wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua shamba huko Matuu, Yatta, yeye akaja mjini kuoka mikate katika bekari iliyokuwa nyuma ya steji. Ile nusu yake ya leso haikufika Matuu kamwe. Aliitundika ukutani karibu na tanuri, mpaka siku moja cheche ikairukia, ikaunguza pembe. Akamwomba Ndila msamaha kana kwamba ameunguza nyumba.

Ndila alikuwa akisuka katika saluni ya Njambi, na mwaka ule simu za mkono zilikuwa za watu wachache. Njambi alikuwa nayo, nene kama kipande cha sabuni.

"Ndila! Mkate wako yuko kwa simu!"

Wateja wote chini ya drayer wakanyoosha shingo.

"Nusu yangu," Gatimu akasema, "umekula?"

"Nusu moja imekula. Ile ingine ina njaa."

"Nakuletea skonzi."

"Skonzi nimechoka nazo. Leta wazee kwa mama, Mitaboni."

"Nitaleta, mpenzi. Si nimesema?"

Kusema alisema. Lakini kwa Wakamba, ndoa ni mbuzi wa ntheo. Kabla mbuzi hao hawajafika kwa wazazi wa msichana, hata mkae pamoja mpaka muote mvi, wewe mwanaume ni mgeni tu, na watoto ni wa kwao mama yao. Gatimu alilijua hilo. Ndila naye alikuwa amekwisha kuwa mjamzito, na Syokau, mama yake, alikuwa ameacha kumuuliza. Hilo lilimuuma kuliko kuulizwa.

Tumbo lilipofika miezi saba, miguu ya Ndila ilivimba hata viatu vikamkataa. Kichwa kilimgonga mchana kutwa, na mara nyingine aliona vimulimuli mbele ya macho. Kliniki walimsikiliza tumbo, wakapata moyo mmoja unapiga vizuri, lakini presha yake haikuwapendeza. "Upumzike," wakamwambia. Apumzike vipi, na kichwa cha mtu kimesukwa nusu?

Jioni moja alimfuata Gatimu mlangoni pa bekari.

"Baada ya mavuno," Gatimu akasema.

"Mavuno yalipita ukisema Krismasi. Krismasi ikapita ukisema mavuno. Hili tumbo halijui kalenda yako."

"Nataka nije na mbuzi wa maana, Ndila. Si vikondevu, mama yako anicheke."

"Basi usirudi kwangu bila hao vikondevu."

Gatimu alicheka, akidhani ni mzaha wao wa kila siku. Ndila hakucheka. Alienda zake polepole, mkono kiunoni, na hakutazama nyuma.

Siku chache baadaye, akiwa amesimama saluni na kitana mkononi, vimulimuli vikawa vingi, vikaungana, vikawa mwanga mmoja mweupe. Sauti ya Njambi ikimwita Yesu ndiyo ya mwisho aliyoisikia.

*

Alipozinduka, chumba kilikuwa na giza la pazia. Ulimi ulikuwa na kidonda, umeumwa na meno yake mwenyewe. Tumbo lilikuwa tupu.

"Usiinuke," akanong'ona muuguzi mfupi mwenye kofia iliyokaa upande. "Mimi ni sista Kamanthe. Ulipata kifafa cha mimba. Hapa hatupigi kelele, hatuwashi taa, hatuleti habari. Unalala tu."

"Mtoto?"

"Yuko nasari. Mdogo, lakini ana kiburi."

Alimgonga goti kwa kinyundo kidogo, akatazama mguu ukiruka, akaridhika. Akapima presha, akanung'unika peke yake. Akamdunga ile sindano inayochoma mwili mzima kama pilipili. Kila alipoingia alifanya hivyo hivyo, kwa vidole vyepesi, na kila alipotoka alifunga mlango kama mtu anayemfunika mtoto.

Syokau alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, kitambaa kichwani, akikohoa ndani ya kiganja ili asimsumbue.

"Mwaitu," Ndila akaita, "Gatimu amekuja?"

Syokau alinyoosha shuka iliyokuwa imenyooka tayari. "Pona kwanza, mwanangu. Mambo ya wanaume baadaye."

Jibu hilo Ndila alilishika, akaligeuzageuza gizani. Mtu aliyekuja husemwa amekuja.

Sista Kamanthe alimfundisha kukamua maziwa ndani ya kikombe. Yalitoka manjano, machache, ya kuhurumia.

"Yanatosha?"

"Tumbo lake ni kama kokwa la zambarau. Tunampa kwa mrija wa puani. Akishiba anakunja ngumi kama mlevi anayedai chenji."

Ndila akatabasamu, midomo ikamuuma. "Nani anamshika?"

"Anashikwa," Kamanthe akasema, akachukua kikombe, akaenda.

Njambi alipokuja kumwona na ndizi zake, Ndila alimwomba simu. Njambi alisitasita, akampa. Ndila akapiga bekari.

"Gatimu?" akajibu mwenye bekari. "Huyo aliacha kazi. Alitoka hapa mbio na aproni, hata hakuivua. Nasikia alionekana kwenye gari za Matuu."

"Amesema atarudi?"

"Dada, ningekuwa najua ningekuwa nimeajiri mwingine?"

Ndila akamrudishia Njambi simu. Hakulia. Aligeukia ukuta, na alipopimwa tena presha ilikuwa imepanda, sista Kamanthe akanong'ona kwa hasira, "Nani amemletea simu humu ndani?"

Tangu hapo maziwa yakapungua. Kikombe kilichokuwa kikifunikwa kitako sasa kililowa tu.

"Mpeni ya kopo," Ndila akasema. "Huyo ni mtoto wa mtu aliyetoroka. Hata mwili wangu umejua."

"Maziwa hayana kesi na mtu," Kamanthe akamwambia. "Na huyu wa nasari akikosa ya mamake, ya kopo yanaweza kumharibu tumbo. Bado hajavuka, Ndila. Nakuambia ukweli."

"Sista, umewahi kumwona baba yake? Mpana hivi, ananukia mkate?"

Kamanthe aliinamia mashine yake ya presha. "Hapa naona wanaume wengi wapana."

Lakini ile siku kikombe kilipotoka kikavu kabisa, Kamanthe alikitazama kwa muda, akakiweka chini. Akampima presha mara mbili. Akafungua pazia kidogo, kipande cha jua kikaangukia kitanda.

"Mama," akamwambia Syokau, "leo ninampeleka."

Syokau akasimama. "Sista, daktari si alisema asishtuliwe?"

"Presha imeshuka, na daktari nimemuuliza. Kinachomla sasa presha haina habari nacho."

Wakamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Syokau alifuata nyuma, akikohoa, na Ndila akasikia kikohozi kile kimechanganyika na kitu kingine.

*

Nasari ilikuwa na joto la kufukiza. Inkubeta zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na watoto wawili, watatu, kama mikate katika trei. Akina mama walikaa kwenye benchi, vichanga vimefungwa vifuani ngozi kwa ngozi. Mwisho wa benchi, karibu na dirisha, aliketi mwanaume.

Alikuwa amekonda. Ndevu zimeota ovyo. Shati la bluu lilikuwa wazi, na kifuani mwake, chini ya leso nyekundu yenye maua meupe iliyofungwa kwa nguvu, kulichungulia kofia ya sufi, ndogo kama kikombe cha yai. Alikuwa akizungumza na ile kofia.

"...halafu unga unauacha uumuke. Usiuharakishe. Wenye haraka ndio hutoa mawe. Wewe umuka tu, baba, mimi nipo."

"Gatimu," Ndila akasema.

Mwanaume akainua uso. Alitaka kusimama, akakumbuka amebeba nani, akaketi tena.

"Nusu yangu."

"Usiniite hivyo. Nilikuwa mlango wa tatu kutoka hapa! Nimelala nikikuhesabu uko Matuu."

"Matuu sikwenda. Niliogopa kuja kwako."

"Uliogopa nini? Mbuzi?"

Sista Kamanthe akaingia katikati, sauti chini. "Siku ile uliyozaa, mama yako alisema huyu si baba, hajaleta mbuzi hata mmoja. Nikamwambia, mama, mimi sihitaji mbuzi, ninahitaji kifua. Wewe ulikuwa hujitambui, mama yako ana kikohozi, na inkubeta zimejaa. Huyu alikuwa amekuja mbio Njambi alipopiga bekari, akavua shati hapo hapo, na aproni yake. Ametoka siku moja tu."

Ndila aliisogelea ile kofia. Mtoto alinukia maziwa, dawa, na kwa mbali sana, mkate. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko kiganja cha mkono, umekunjamana kwa kufikiri. Kitu kikamchoma kifuani, blauzi ikaanza kulowa.

Kisha macho yakamtua kwenye leso. Pembe moja ilikuwa imeungua.

"Hii ni yako," akasema. "Ya tanuri. Yangu nilikuwa nimeiweka kwenye mkoba wa kuja kuzaa. Iko wapi?"

Kamanthe alitazama dirishani. Syokau alifunika mdomo kwa kitambaa cha kichwa.

"Nimeuliza, yangu iko wapi?"

Gatimu alilamba midomo. "Walikuwa wawili, Ndila."

Alimsikia, lakini maneno yalichukua muda kufika.

"Kliniki walisikia mmoja."

"Alikuwa amejificha nyuma ya ndugu yake. Msichana. Alivuta pumzi kutoka asubuhi hadi saa sita. Daktari akasema ukishtushwa tutakupoteza na wewe. Na mimi uso wangu unaujua. Ningeingia mlangoni tu, ungesoma kila kitu. Ndiyo sababu sikuingia."

Ndila akauma mkono wake mwenyewe ili asipige kelele mbele ya watoto.

"Na ile siku moja uliyotoka?"

Ni Syokau aliyejibu. "Tulimpeleka nyumbani, Mitaboni. Sista alimbeba huyu wetu siku nzima kifuani pake. Sisi, mtoto asiyefikisha siku ya kupewa jina hachimbiwi kaburi la watu, mnajua. Lakini huyu kijana alishika jembe, akaniomba mahali. Nikamwonyesha kando ya migomba yangu. Alichimba peke yake, mwanangu. Alikataa kusaidiwa." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nimeapa hatakanyaga boma langu bila mbuzi. Alikanyaga amebeba huyo mtoto. Ningemfukuza vipi?"

"Alienda na leso yako," Gatimu akasema. "Hukupata kumshika. Nikasema, basi awe na kitu kilichokushika wewe."

Machozi yalikuja sasa, ya kimya, mengi. Ndila alilia ameinamia magoti, na sista Kamanthe akaweka kiganja mgongoni pake, hakumwambia anyamaze. Mama mmoja kwenye benchi akaanza kulia pia, bila kuuliza sababu.

"Hamkumpa jina?" Ndila akauliza mwishowe.

"Hakufikisha siku," Syokau akasema.

Gatimu alitazama sakafu. "Mimi nilimwita. Wakati wa kumfukia nilimwita Ndila. Nilidhani nawe unaenda, na sikuwa na jina lingine mdomoni."

Nje, kengele ya wageni ililia, watu wakaanza kupita na chupa zao za chai.

"Huyu ataitwa Musyoka," akasema. "Aliyerudi."

"Kwetu Nyeri wa kwanza huitwa kwa babu yake," Gatimu akasema kwa unyonge. "Baba yangu ni Githinji."

"Mbuzi wako wapi?"

"Basi Musyoka."

Syokau alicheka kidogo ndani ya kitambaa, kicheko kikageuka kikohozi. "Walete tu," akamwambia Gatimu. "Hata wawe vikondevu. Nitawalisha mwenyewe."

"Ndila," Gatimu akasema, "nikiwaleta, utanikubali?"

"Kwanza nipe mtoto."

Sista Kamanthe alilegeza leso, akamhamisha Musyoka kutoka kifua hiki hadi kile. Mtoto akalalamika, sauti kama ya paka mchanga, kisha akatulia, sikio kwenye moyo wa mama yake. Kifua cha Gatimu kilibaki wazi, na alama nyekundu mahali ile kofia ilipolala.

Ndila alijaribu kuifunga leso. Uvimbe haukuwa umemtoka, na kipande kile kimoja, kikipita juu ya mtoto na kumzunguka, hakikufika. Ncha mbili zilibaki zikitazamana mgongoni.

"Nikuletee shuka," Kamanthe akasema.

"Hapana, sista," Ndila akasema. "Gatimu. Shika hapa."

Gatimu akapiga magoti nyuma ya kiti, akazikutanisha zile ncha mbili, ile iliyoungua na ile nzima, akazikaza kwa mkono wake. Alibaki hivyo mpaka mkono ukafa ganzi, na hata hapo hakuachilia.