Kilio cha Mama Mkwe Nilikikata kwa Wembe

Nina miaka ishirini na minane, nimeolewa Karungu, na ni mama wa binti mmoja. Ukinikuta njiani utasema huyu mama ametulia kweli. Laiti ungejua! Kuna sauti moja ninayoisikia hata nikichota maji... na sauti hiyo niliiiba mwenyewe, kwa mikono hii miwili.

Mwaka uliofuata Uhuru nilipata kazi mjini Homa Bay, katika ofisi ndogo iliyotengeneza hadithi za mafunzo: chemsheni maji, pelekeni watoto shule, pombe si chakula. Hadithi zilinaswa kwenye tepu, na siku za soko tukazunguka na gari lenye vipaza sauti, Rongo, Migori, hata Kehancha.

Kazi yangu ilikuwa kutia sauti na muziki. Nilikuwa fundi, sitajificha. Mtama ukimwagwa polepole kwenye ungo, ni mvua. Bati likitikiswa, ni radi. Nikikanyaga maganda makavu ya mahindi, msikilizaji anamwona mtu akipita shambani. Mkono ndani ya karai la maji, hiyo ni kasia. Mwalimu wa kwaya alinipigia kinanda pale penye huzuni. Mkubwa wetu, Bwana Zablon, alisema bila mimi hadithi zake zingekuwa hotuba za chifu. Sifa ni tamu, jamani! Zilinilevya.

Kisha Okoth, shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, akafa kwa homa. Mume wangu Samson alikuwa Uganda kwenye mashamba ya miwa, asingewahi mazishi. Nikaazima mashine ya ofisi ya kunasia sauti, nikaenda nayo Karungu. Mama mkwe aliiogopa. Nikamweleza kwamba nataka Samson asikie jinsi ndugu yake alivyozikwa.

Alifikiri kidogo. "Basi weka, Nyar Kanyada," akasema. Hivyo ndivyo aniitavyo, binti wa Kanyada, kwa jina la kwetu. "Mwanangu asikie kwamba nilimlilia mdogo wake vizuri."

Kwetu kila mama ana namna yake ya kulia. Mama mkwe alianza chini, kama anayeongea na mtu aliye karibu. Halafu akapanda, akapanda, hadi sauti ikakatika, akaanza upya. Wazee waliinamisha vichwa. Yote yaliingia kwenye tepu.

Samson aliandika kwamba hana mashine ya kuichezea huko, nimwekee hadi aje likizo. Nikaiweka sandukuni. Ingebaki humo, leo nisingekuwa naandika haya.

Mwezi uliofuata tulikuwa na hadithi ya baba aliyekataa kumpeleka mtoto hospitali, mtoto akafa. Bwana Zablon alitaka mama wa mtoto alie. Hapo pakawa na kazi! Kwetu nduru, ule ukemi wa msiba, haipigwi ovyo. Ukiipiga, majirani wanatupa majembe na kuja mbio. Ukiipiga pasipo na maiti, unaita maiti. Waigizaji wote wanawake walikataa. Mmoja alichukua kikapu chake akaenda zake. Nami nilikataa.

"Sasa hii msiba gani haina kilio?" Bwana Zablon akafoka. "Dorsila, wewe ndio mtu ya sauti. Kesho nataka kilio."

Nani alinituma? Ningesema siwezi, angenung'unika, basi. Lakini nilikuwa na ufundi wa kulinda... Mashine ya kunakilia ilikuwa mbovu siku hizo. Kwa hiyo nilichukua wembe, nikakata kile kipande cha mama mkwe kwenye tepu ya mazishi, nikakiunga ndani ya hadithi kwa karatasi ya gundi. Pale sauti inapokatika, nikaingiza kinanda taratibu. Nilipoisikiliza nililia! Nililia kwa uzuri wa kazi yangu, mjinga mimi, wala si kwa Okoth.

Nilijiambia kwamba ile mashine ya kunakilia ikitengenezwa, nitakinakili na kukirudisha mahali pake. Ikatengenezwa. Nikamwendea Bwana Zablon nikamwambia ukweli wote, kile kilio ni cha nani na kilitoka wapi. Unajua alifanya nini? Alicheka! Akasema sauti ikishaingia kwenye tepu haina mwenyewe. Akakinakili kwenye hadithi nyingine tatu, na kipande chenyewe akakifungia kabatini. Kuanzia hapo kila aliyekufa katika hadithi zetu, mlevi, mwizi wa ng'ombe, yeyote yule, alililiwa na mama mkwe wangu.

Ningefanya nini? Nikiacha kazi, nyumbani wataniuliza sababu. Nikibaki, ni mimi ninayebonyeza kitufe kila siku ya soko. Nilibaki. Nikawa namdanganya dereva kwamba barabara ya Karungu imeoza, tusiende huko. Lo, ukianza uongo mmoja, huna budi kuulisha kila siku!

Desemba Samson akaja likizo. Nikaazima tena mashine ya ofisi, tukaketi nyumbani kwa wazazi wake, mchana, kusikiliza tepu ya mazishi, jamaa wote wamevaa vizuri kama wanaokwenda kanisani. Niliomba mashine iharibike. Haikuharibika. Wimbo wa kanisa ukaisha, na hapo palipaswa kuwa na Mama. Badala yake ukasikika mkwaruzo mdogo... kisha udongo ukianguka kaburini.

Mama mkwe aligeuka huku na huku. "Na mimi nilikuwa wapi?" akauliza. "Sikumlilia mwanangu?"

Nikasema mashine ilizimika kidogo. Yule mama akamshika Samson mkono, akamwomba radhi. Aliyeomba radhi ni yeye! Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nikikunja ncha ya leso yangu.

Januari tulikuwa soko la Migori. Nilijiona salama, Karungu ni mbali. Sikujua kwamba Mama alikuwa amepanda lori la wachuuzi kuja kuuza samaki wakavu. Hadithi ilikuwa inakwenda, kidole changu kiko kwenye kitufe, nikamwona akisukuma watu, bado ana samaki mkononi. Zilibaki labda pumzi tatu kabla ya kilio. Ningeweza kuzima! Bwana Zablon alikuwa ubavuni pangu, umati umenyamaza, nami nikawaza: nikizima, nitaeleza nini?

Sikuzima.

Sauti yake ikatoka kwenye vipaza sauti, ikajaa soko zima. Alisimama mbele ya gari akitazama juu, mdomo wazi. Kinanda kikaingia. Kando yake mtu mmoja akapiga makofi, akasema huyo mama wa tepu anajua kulia! Mama alinitazama mara moja tu, akarudi kwenye samaki wake.

Niliacha kazi wiki hiyo. Niliungama kwa Samson kabla hajarudi Uganda, nikapiga magoti kwa Mama. Alisema tu nisimame, ugali utaungua. Nilidhani amenisamehe.

Kisha baba mkwe akafa, asubuhi, msimu wa kulima. Kwetu mke ndiye hufungua nduru. Kabla yake hakuna anayelia. Tulisimama uani tukingoja. Mama akatoka hadi mlangoni, akavuta pumzi, akaniona.

"Nyar Kanyada," akasema, "ondoa kwanza mashine yako."

Sikuwa na mashine! Nilifungua mikono, nikafungua leso, nikageuka mbele ya watu wote aone kwamba sina kitu. Alitikisa kichwa. "Nikilia utanichukua tena," akasema, akaingia ndani, akafunga mlango. Dada wa marehemu ndiye aliyelia. Hadi leo wapo wanaosema mama huyo alifurahi mumewe kufa, na hajibu, nami nikijibu haitoshi.

Samson hakunifukuza. Wakati mwingine natamani angenifukuza. Ninaishi nao, napika nao. Gari lile sasa lina mtu mwingine wa sauti, na linafika mpaka Karungu. Juzi tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na Mama, tukasikia sauti yake ikija kwa mbali kutoka barabarani.

Hakuacha kupukuchua. "Leo wamenililisha nani?" akauliza.

Wasomaji wenzangu, mnaotengeneza hadithi, mnaotafuta sifa kwa kazi yoyote ile, nawasihi: kitu ulichoaminiwa usikiguse hata kwa siku moja, hata kama unakusudia kukirudisha. Mimi nilikusudia! Na siku mkiwa sokoni mkisikia kilio kizuri kutoka kwenye gari, kinachoanza chini halafu kikapanda, msiwapigie makofi mafundi. Huyo ni mama mkwe wangu anamlilia Okoth. Vueni kofia.