Kikombe Sakafuni

Sista Mwongeli, muuguzi wa kiwanda, alipofungua chumba cha kupimia wafanyakazi Jumatatu asubuhi, alikuta kikombe cha plastiki sakafuni, mbele ya mlango wa choo. Kifuniko kilikuwa kimekazwa vizuri. Mkojo uliokuwa ndani ulikuwa bado na joto, na chumba kilikuwa kimefungwa kwa kufuli tangu Ijumaa, ufunguo ukiwa ndani ya mkoba wake mwenyewe.

Hakupiga kelele, maana haikuwa mara ya kwanza. Aligeuza uso ukutani, akarudi nyuma hadi nje, akafunga mlango. Baadaye alimwambia meneja, na meneja akapigia simu kampuni ya ukaguzi kule Nairobi, akalalamika kwamba kuna mtu anaingia humo kuchezea vipimo. Kampuni ikamtuma Urbanus Mutinda. Heri wangemtuma mtu mwingine yeyote.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kushona nguo, kimoja kati ya vile vilivyosongamana EPZ, lile eneo la viwanda vya kuuza nje, kule Athi River miaka ile, na wanunuzi wa ng'ambo walitaka kila anayeshika mashine ya hatari apimwe bangi na pombe. Kazi ya Urbanus ilikuwa kuzunguka sehemu kama hizo na kuona kama upimaji unafuata sheria. Mfereji wa chooni uwe umezibwa kwa tepu. Maji ya choo yatiwe rangi ya buluu, mtu asije akayachota na kudanganya. Na kikombe kitoke mkononi mwa anayepimwa kiingie mkononi mwa mpimaji, palepale, kabla hakijapoa. Alikuwa hodari wa kazi hiyo, na alijua kwamba ni hodari, na ubaya wote ulianzia hapo.

Mwaka uliotangulia alikuwa amefika kiwandani siku ambayo zamu ya kupimwa ilikuwa ya Mzee Ndambuki, mtu wa boila, aliyewasha moto wa mvuke wa kupigia pasi tangu kiwanda kifunguliwe. Urbanus alimkuta sista amemwita askari wa getini, Josphat, aje apokee kikombe kwa niaba yake. Akauliza ni sheria ipi hiyo. Mwongeli akamvuta kando.

"Huyo ni baba ya bwana yangu," alinong'ona.

Kwa Mkamba hayo yalitosha. Ipo ile heshima inayoitwa nthoni, heshima yenye aibu ndani yake, inayomtenga mzee na mke wa mwanawe. Hawashikani mikono, hawaketi pamoja, na mzee akikaribia nyumba hukohoa kwanza, ili binti wa watu apate kupisha. Urbanus alizaliwa Kathiani. Baba yake alikohoa hivyo kila jioni hadi alipozikwa. Hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Lakini meneja alikuwa amesimama pale na wageni wawili wenye tai, na Urbanus akaona haya kuonekana mshamba. Ndiyo sababu, wala hakuna nyingine. Alijibu kwa sauti ya kusikika na wote.

"Hapa ni kazini. Mambo ya nyumbani wacha yabaki nyumbani. Na mzee akikataa, hiyo ni sawa na kufeli."

Ndambuki aliingia. Ukuta wa choo ulikuwa wa mbao nyembamba, na kila kitu kilisikika, jinsi mzee alivyohangaika, jinsi mkojo ulivyotoka kidogo kidogo, ukikatika na kuanza tena. Mwongeli alisikia pamoja na wageni. Mzee alipotoka ameshika kikombe kwa mikono miwili, sista alinyoosha mkono wake, uso ameugeuzia ukutani, machozi yakimtiririka. Mzee aliutazama ule mkono. Kisha akainama polepole, akaweka kikombe sakafuni, akatoka nje, akapita getini bila kuchukua koti lake.

Urbanus alisema kikombe kilichowekwa chini hakijapokelewa. Mzee akahesabiwa amefeli, akafutwa kazi. Kwake Masinga alikaa ameelekea ukuta, akakataa chakula kilichopikwa na mke wa mwanawe, na kabla mahindi hayajavunwa walimzika.

Tangu hapo ndipo watu walipoanza kusikia mtu akikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mzee anayetoa taarifa kwamba anakuja, kikitokea kwenye ujia wa kwenda chumba cha kupimia, mchana kweupe, mashine zikinguruma, na wanawake wa Kikamba walijikuta wamepisha kabla ya kufikiri, wakitazama ukuta, huku harufu kali ya mkojo na moshi wa boila ikipita nyuma ya migongo yao. Josphat, aliyewahi kulinda maghala ya Mombasa, alisema ni jini. Wale wanawake walisema ni iimu, roho ya mtu isiyotulia. Kwa jina hawakukubaliana, lakini kile choo hakuna aliyekitumia tena kwa hiari.

Basi Urbanus alipofika safari hii, Mwongeli hakumsalimia kwa mkono. Alimwonyesha mlango, na kile kikombe kikiwa bado chini pale pale. Urbanus alichutama akakigusa kwa kidole. Kilikuwa na joto, ingawa saa sita ilikuwa imeshapita.

Aliuliza nani mwingine ana ufunguo. Mwongeli akamwambia hakuna, na kwamba yeye hataki tena mambo ya ufunguo. Familia ilikuwa imekwenda kwa Kalunde, bibi mmoja wa Masinga anayejua mambo ya aimu, roho za namna hiyo, na Kalunde hakuitisha mbuzi wala kuku. Alisema mzee anangoja kikombe chake kipokewe. Aliyemlazimisha akiokote kwa mkono mtupu, akipeleke Masinga, na mbele ya watu wa boma aseme kwamba aibu ile ilikuwa yake, si ya mzee.

"Ni hivyo tu, Bwana Mutinda," alisema Mwongeli, akitazama ukuta. "Hakuna mtu atakupiga. Mama mkwe wangu amesema atakupatia chai."

Urbanus alisikia uso wake ukiwaka moto. Alijua kwamba sista anasema kweli. Alijua tangu siku ile, maana hakuna wiki iliyopita bila yeye kuuona ule mkono ulionyooshwa. Lakini Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kwake Mumbuni kumleta Kamanthe, mchumba wa mwanawe Mumo, na wakwe hao walikuwa na ndugu Masinga. Angesimamaje katika boma la watu na kikombe cha mkojo mkononi? Habari zingemtangulia kufika nyumbani. Wangesema, kumbe baba ya kijana ndiye aliyemdhalilisha mzee wa watu.

Alimwambia Mwongeli angoje nje. Kisha akafunga mlango.

Alikiokota kikombe kwa tishu, si kwa mkono mtupu, akaingia nacho chooni, akafungua kifuniko na kumwaga, na maji yaliyotiwa buluu tangu Ijumaa yakageuka meupe kana kwamba hayajawahi kutiwa rangi, na alipoinua mkono kuvuta maji alisikia mtu akikohoa nyuma yake, karibu sana, kikohozi cha adabu, cha mtu anayeomba apishwe, na miguu yake mwenyewe ikapisha kabla hajaiambia, akajibana ukutani macho ameyafumba, akasikia zipu, akasikia pumzi ya mzee aliyechoka, halafu ule mkojo, kidogo kidogo, ukikatika, ukianza tena, kama siku ile, ila safari hii aliyelazimika kusikiliza ni yeye, na ukaendelea kwa muda mrefu kuliko mkojo wa binadamu yeyote, hata akaanza kuomba kwa sauti ya chini, si Mungu aliyemwomba, bali mzee, akisema wewe mzee nisamehe, nisamehe hapa hapa, tukiwa wawili tu.

Kukawa kimya. Alipofumbua macho hapakuwa na mtu. Alivuta maji, akakitupa kikombe kwenye pipa la taka, akatoka, akamwambia meneja kwamba hakuna tatizo, kubadilisha kufuli kutatosha. Mwongeli alikuwa amesimama kwenye ujia.

"Umekipeleka wapi?" alimwuliza.

Urbanus alipita mbele yake akitazama chini.

Wiki ile yote mke wake, Syokau, alikuwa akinusanusa ndani ya nyumba. Alifua mapazia, akamwaga dawa chooni, akauliza kama kuna paka aliyeingia. Urbanus alioga asubuhi na jioni. Akiwa peke yake alisema moyoni kwamba baada ya Jumamosi atakwenda Masinga. Wakwe wakishaondoka. Heshima ya mwanawe ikishakuwa salama.

Jumamosi ilifika na jua zuri. Wakwe walijaa sebuleni, wazee upande wa dirisha, akina mama upande wa jikoni, na chapati zilisifiwa. Kamanthe hakuketi walipoketi wazee. Alikuwa binti aliyelelewa vizuri. Alipita akiinamisha kichwa, akahudumu kutoka jikoni, na kila alipokaribia alipoketi Urbanus aligeuza uso kidogo. Shangazi yake aliliona, akasema kwa fahari kwamba wasichana wa siku hizi wanaojua nthoni ni wachache. Urbanus alicheka pamoja na wote. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alihisi kifua chake kimefunguka. Akasimama ili awashukuru wageni, na akasema kwamba katika nyumba hii, binti huyu hatadharauliwa kamwe.

Mtu akakohoa mlangoni.

Syokau akatazama, akidhani ni mgeni aliyechelewa. Kamanthe, aliyekuwa karibu na mlango, alipisha haraka, akainamisha kichwa, akatoka kumpokea. Wakamsikia akijibu "ndiyo, mzee," kwa heshima. Kisha akarudi sebuleni akitembea polepole, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa, na harufu ikaingia pamoja naye, hata wazee wa dirishani wakaacha kutafuna.

Alipiga magoti mbele ya Urbanus, uso ameugeuzia ukutani kama alivyofunzwa kwao, akanyoosha mikono miwili.

"Baba," alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa aibu asiyojua imetoka wapi, "kuna mzee amenipatia hii hapo nje. Amesema ni yako. Amesema wewe ndio ulisema lazima mke wa mtoto aipokee kwa mkono. Bado iko na joto."

Mumo alikuwa ameinuka kitini. Syokau ameziba mdomo. Wakwe wote walikitazama kile kikombe, kisha wakamtazama mwenye nyumba, wakingoja aseme ni nini. Urbanus aliiona mikono ya mke wa mwanawe, safi, iliyopakwa mafuta kwa ajili ya siku yake, na sasa akajua kwa nini Ndambuki alishindwa kutia kikombe mkononi mwa sista. Yeye pia hakuweza kuigusa. Hakuweza kuiacha ikiwa imenyooshwa vile.

Nje, yule mzee akakohoa tena, akiomba apishwe aingie, na wanawake wote waliokuwa sebuleni wakageuza nyuso zao ukutani.