Shukrani ya Tatu

Mtumbwi ulizama pua kwanza. Dalila aliinua macho kutoka kwenye ndoo ya chaza akauona umebinuka, mkia juu, kama mtu anayechungulia kisima, na maji ya chumvi yanaingia ndani taratibu kana kwamba yanaingia kwao. Kamba aliyoifunga mwenyewe kwenye mzizi wa mkoko ilikuwa fupi. Maji yamejaa, mtumbwi umetaka kupanda nayo, kamba imeukatalia.

"Mama! Mtumbwi!"

Mama Graca, mama mkwe wake, alitupa kisu chake cha chaza akaja mbio. Kabla hajafika, kamba ilikatika. Mtumbwi ukajipindua, mkondo ukaupokea.

Walikuwa wametoka Msimbati alfajiri kufuata bamvua, siku maji yanapokupwa mbali na chaza hubaki wazi kwenye mizizi. Fungu lenyewe ni mchanga na mikoko michache katikati ya mdomo wa Ruvuma, mkondo wa kina huku, mkondo wa kina kule. Mtoto wa miezi minane ameachwa kwa jirani. "Saa nane nitakuwa nimerudi kumnyonyesha," Dalila alikuwa amesema.

Dumu la maji ya kunywa liliibuka, likaanza kwenda zake. Dalila akalifuata. Maji ya magoti, maji ya kiuno, kisha tope likamng'ang'ania mguu na mkondo ukamchota. Kuogelea hakujua, yeye alikulia Mtawanya, pembeni mwa mji, na maji aliyoyazoea ni ya bomba. Alilikumbatia dumu, akanywa chumvi, akaona kijani, akaona giza. Ndipo mkono ukamkamata nywele.

Mama Graca alimburuta hadi kwenye maji ya magoti. Hapo akapiga ukelele mmoja tu, mfupi.

"Taa," alisema akikaa mchangani. "Nimemkanyaga taa."

Mwiba wa mkia wa samaki huyo ulikuwa umeingia juu ya kisigino ukatoka na nyama. Dalila alichana kanga yake kwa meno.

"Kaza."

"Nimekaza, Mama."

"Dumu lina kiasi gani?"

"Halifiki nusu."

"Basi tuna siku mbili. Ukiacha kulia. Machozi nayo ni maji."

Kufikia saa kumi bahari ililimeza fungu lote. Walipanda mkoko mkubwa kuliko yote, Dalila akisukuma kutoka chini, mama mkwe akijivuta kwa mikono. Walikaa kwenye panda, miguu ikining'inia juu ya maji. Ng'ambo ya mkondo viboko wanne walikoroma, masikio yakicheza. Maziwa yalianza kumvuja Dalila, yakalowanisha blauzi. Saa nane ilikuwa imepita zamani.

Alitazama pale ilipozama kamba iliyobaki kwenye mzizi, akakumbuka asubuhi.

Mambo yalianzia kliniki mwaka jana. Presha ya Mama Graca ilikuwa imepanda, na muuguzi akamwambia: bibi, hii ni ya mawazo, pamoja na dawa, kila siku taja mambo matatu unayoyashukuru. Mama Graca akayachukua, akamtaka na mkwewe ayataje, akaongeza sheria yake: la tatu apewe mtu aliye karibu nawe. Dalila naye alikuwa na mawazo yake. Mtoto halali usiku, mtihani wa masomo ya jioni mwezi ujao, mume wake Valdemar yuko Palma kwenye ujenzi, simu mara moja kwa wiki. Akawa anataja mawili kwa ulimi wa juu juu, na la tatu akampa mtoto, au birika la chai. Mama mkwe, Dalila hakumpa hata siku moja.

Asubuhi ile, walipoteremka kwenye fungu, Mama Graca aliuliza, "La tatu leo la nani?"

"La matope, Mama! Nayashukuru matope. Lete hiyo kamba." Akampokonya, akafunga kwa hasira, fundo juu ya fundo, fupi.

Sasa jua lilikuwa linashuka nyuma ya mikoko, na midomo ya mama mkwe imepasuka.

"Mama, kamba ile nilifunga mimi."

"Niliiona."

Dalila akageuka.

"Niliiona ni fupi, mwanangu. Nikanyamaza. Nilisema moyoni, nikimwambia atafoka, na mimi nimechoka kufokewa. Nikajifanya nashukuru hali ya hewa." Alikohoa. "Shukrani zangu nyingine zilikuwa za kujiziba mdomo. Muuguzi hakunifundisha hivyo."

Walikunywa kifuniko kimoja kimoja cha maji. Usiku waliupitisha wamejifunga kwenye tawi kwa vipande vya kanga.

Kulipopambazuka mguu ulikuwa umevimba na kuwa mweusi, na Mama Graca anaongea na marehemu mumewe. Dalila alimpakata. Alimtilia maji mdomoni tone kwa tone, ya kwake akayaacha.

"La tatu ni lako, Mama," alimwambia sikioni. "Lako. Unanisikia?"

Hakusikia. Aliendelea kumuuliza mumewe kama mbuzi wamefungwa.

Eusebio, mtega kaa wa Mahurunga, aliingia kwenye mkondo saa tatu kukagua mitego yake, akaona kipande chekundu cha kanga kikipepea mkokoni.

"Nyie mnakaa juu kama ndege, mna mayai huko?" alipiga kelele. Alipouona mguu hakutania tena. Alipiga kasia mpaka viganja vikachubuka.

Huko Mtwara hospitalini mguu ulikatwa chini ya goti. Siku ya nne Mama Graca alifungua macho, akamtazama mkwewe na mtoto kifuani.

"Haya. Matatu."

"La kwanza, mtoto ananyonya. La pili, Eusebio." Dalila alitazama pale shuka lilipolala bapa. "La tatu lako, Mama. Nakushukuru kwa mguu…"

"Mguu sikukupa zawadi. Umekatwa, na unaniuma hata pale ambapo haupo. Tafuta lingine."

Dalila alilia kwanza. Kisha akasema, "Ulinishika nywele."

"Enhe. Hilo nalipokea." Mama Graca alifumba macho. "Zingekuwa zile za bandia unazozitamani, ningerudi na wigi."

Siku hizi Dalila huenda na wanawake wenzake wa Msimbati, na mtumbwi hufunga yeye, kamba ndefu, pima nne. Ubao wa mbele alipozoea kukaa mama mkwe pana ndoo. Maji yakikupwa hutaja la kwanza, hutaja la pili. La tatu halisemi pale. Hulibeba hadi nyumbani kwa Mama Graca, mbio mbio kama abebavyo chaza, lisije likaharibikia njiani.